Ngama Zilizojaa Kobe

Machi 1535 upepo ulimwishia Askofu Tomás de Berlanga katikati ya bahari. Alikuwa ametoka Panama kwenda Peru. Kwa siku sita matanga yalining'inia bure na merikebu ikaburutwa na mkondo kuelekea magharibi, mpaka mabaharia wakaona visiwa ambavyo havikuwamo kwenye ramani ya mtu yeyote. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Waliposhuka walikuta mawe meusi ya volkano. Walichimba kisima, kikatoa maji machungu kuliko ya bahari, wakaishia kutafuna mipungate ili wapate unyevu. Watu wawili na farasi kumi walikufa. Mwezi uliofuata askofu alimwandikia mfalme wa Hispania barua, na ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo karibu kila aliyefika huko baada yake ameyarudia: kobe wakubwa kiasi cha kumbeba mtu mgongoni, na ndege wasiojua kukimbia, unaowakamata kwa mkono.

Hilo la pili ndilo lililoamua yote yaliyofuata katika visiwa vya Galápagos. Mnyama asiyemwogopa binadamu ni rahisi kumtazama, na ni rahisi vilevile kumuua. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watu walichagua kumuua.

Kazi yangu mimi ni kupeleka wageni Changuu, ng'ambo ya bandari ya Unguja, kutazama kobe. Wale wetu asili yao ni Aldabra, wazee wao waliletwa kama zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na sijui ni mara ngapi mgeni ameniuliza kama ndio walewale wa Galápagos. Si wao, ni jamii nyingine ya upande mwingine wa dunia. Nilipopata nafasi ya kwenda kuwaona hao wengine kwa macho yangu, nilipanda boti ya abiria 16, yenye vyumba vidogo, jiko la kubanana na nahodha aliyekuwa akila nasi. Mtu wa boti akipanda chombo cha wengine huuliza maswali ya boti. Nani aliamua tuwe 16? Vyombo vilivyotangulia vilikuwa vya namna gani, na ndani ya ngama zake vilibeba nini?

Maharamia walifika kwanza. Mwaka 1684 Mwingereza Ambrose Cowley alichora ramani ya visiwa na kuvipa majina ya mabwana wakubwa wa kwao, na wenzake wakatumia ghuba zake kujificha, kutengeneza vyombo na kugawana walichopora kwenye merikebu za Wahispania. Walikula kobe, lakini maharamia walikuwa wachache. Msiba wenyewe ulikuja na nyangumi.

Mwaka 1793 nahodha James Colnett alitumwa kutoka Uingereza kutafuta mahali ambapo meli za kuvua nyangumi zingeweza kutia nanga katika Pasifiki. Aliporudi na ramani nzuri, meli zikamiminika, Waingereza kwanza, kisha Wamarekani wa New England. Wamarekani hao sisi wa Unguja tunawajua, kwa maana meli zao za nyangumi zilikuwa zikitia nanga kwetu pia katika karne hiyohiyo. Safari moja ilichukua miaka miwili, mitatu, hata minne. Nyama ya chumvi ilioza kwenye mapipa na biskuti zikaingia vidudu. Halafu unafika kisiwa chenye mnyama mwenye nyama tamu na mafuta safi, asiyekimbia, na anayeweza kukaa ndani ya meli karibu mwaka mzima bila kula wala kunywa.

Uwezo huo wa kustahimili njaa, uliomwezesha kobe kuishi juu ya mawe makavu tangu zamani za kale, ndio uliomfanya awe akiba ya meli. Walipangwa mmoja juu ya mwingine ndani ya ngama, wengine wakipinduliwa chali, wakakaa gizani wakingojea zamu ya kisu. Mwaka 1813 David Porter, nahodha wa manowari ya Marekani iitwayo Essex, alipakia kutoka kisiwa cha Santiago kobe wa uzito wa tani 14 hivi kwa muda wa siku nne tu. Siku hizohizo mbuzi wake waliowekwa nchi kavu kulisha walitoroka. Nitawarudia hao mbuzi.

Ubebaji wenyewe ulikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Kobe dume mzima anapita kilo 200, na wakubwa wao walikaa juu milimani kwenye majani mabichi. Mabaharia walikuwa wakishuka na boti za makasia, wakitembea kilomita kadhaa juu ya lava inayokata viatu, na hakuna aliyetaka kumburuta dume wa namna hiyo hadi pwani. Kwa hiyo walichukua wadogo, na zaidi walichukua majike, kwa sababu jike huteremka nyanda za chini kutaga mayai kwenye udongo mkavu. Walimfunga kwa mikanda mgongoni, au wawili wakambeba kwa mti. Kila mzigo uliofika ufukweni ulikuwa ni mama, na mayai yake yote ya miaka mia iliyobaki.

Mwaka 1925 Charles Haskins Townsend alichapisha hesabu alizozitoa kwenye batli za meli 79 za nyangumi za Marekani. Kati ya mwaka 1831 na 1868 meli hizo zilikuwa zimepakia zaidi ya kobe 10,000. Hizo ni meli 79 tu, za taifa moja, wakati Marekani peke yake ilikuwa na mamia ya meli za kazi hiyo. Wataalamu wanakadiria jumla ya kobe waliochukuliwa au kuuawa katika visiwa vyote kuwa kati ya 100,000 na 200,000. Walipokuja kuhesabiwa vizuri, katika miaka ya 1970, walikuwa wamebaki kama 15,000.

Floreana ndicho kisiwa kilichoumia kuliko vyote, kwa sababu ndicho kilikuwa na maji. Huko ndiko mabaharia walikoweka pipa la barua: unaacha yako, chombo kinachorudi kwenu kinaichukua. Pipa lipo hadi leo, limeshabadilishwa mara nyingi, na wageni bado wanaacha kadi zisizo na stempu. Utaratibu ni ule wa zamani, unapekua kadi zilizopo na ukiona ya mtu wa karibu na kwenu unampelekea mwenyewe kwa mkono. Nilipekua rundo zima nikitafuta Mombasa, Dar es Salaam, hata Muscat, nikaacha ya kwangu ya kwenda Malindi, Unguja. Nilipokuwa nimechuchumaa pale mchangani nikisoma anwani za watu, nilijua kuwa barua za kwanza zilizopita mahali pale zilipita na kobe kwenye boti moja. Oktoba 1820 baharia mmoja wa meli ya nyangumi, nayo ikiitwa Essex, aliwasha moto Floreana kwa mzaha. Ilikuwa kiangazi, moto ukala sehemu kubwa ya kisiwa. Mwezi uliofuata meli hiyo ilipigwa na nyangumi ikazama, nayo ndiyo habari wanayoikumbuka watu. Mimi ninaukumbuka ule moto.

Ecuador ilivichukua visiwa rasmi Februari 1832 na kupeleka wakazi Floreana. Charles Darwin alipofika na meli ya Beagle, Septemba 1835, aliambiwa na kaimu gavana Nicholas Lawson kwamba yeye akiona gamba la kobe anaweza kutaja kisiwa alikotoka. Darwin hakulitilia maanani kwa wakati ule. Beagle iliondoka Oktoba na kobe ndani, wakaliwa njiani, na magamba yakatupwa baharini, magamba yaleyale ambayo yangethibitisha maneno ya Lawson. Kufikia miaka ya 1850 kobe wa Floreana hawakuwapo tena. Darwin aliishi kuyaelewa yaliyotokea, na mwaka 1874 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kumwomba gavana wa Mauritius awalinde kobe wa Aldabra wasimalizwe vivyo hivyo. Nikiwatazama wa Changuu sasa naikumbuka barua hiyo.

Nyangumi walipopungua, walikuja wakamuaji wa mafuta ya kobe, walowezi zaidi na wafungwa. Ninaloona gumu kulisamehe ni la wasomi. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa California Academy of Sciences ulikaa mwaka mzima ukikusanya kobe kwa ajili ya makumbusho, kwa hoja kwamba wanakaribia kwisha, hivyo heri wahifadhiwe wakiwa wamekufa. Fernandina walimkuta kobe mmoja, wakamchukua. Miaka 113 ilipita kabla ya jike mmoja kuonekana tena kwenye kisiwa hicho, mwaka 2019.

Sasa wale mbuzi. Walizaana. Kwenye kisiwa cha Pinta nako wengine watatu waliachiwa na wavuvi mwaka 1959, na baada ya miaka michache walikuwa maelfu kwa maelfu, wamekula majani yote ambayo kobe angeyafikia. Mwaka 1971 alionekana kobe dume mmoja tu kwenye kisiwa hicho, akapelekwa kisiwa cha Santa Cruz, dunia ikamwita George Mpweke. Alikufa 24 Juni 2012 bila mtoto. Kuwaondoa mbuzi Santiago na kaskazini ya Isabela kulichukua miaka kadhaa hadi 2006, na zaidi ya 100,000 waliuawa. Wa mwisho hawaonekani hata kwa helikopta, kwa hiyo walikamata majike, wakawavisha kola za redio na kuwaachia. Mbuzi hapendi kukaa peke yake. Alikwenda kuwatafuta wenzake, na wawindaji wakamfuata.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu matangazo ya safari huita visiwa hivi mahali ambapo mkono wa mtu haujagusa. Umevigusa hadi mfupani. Kinachoonekana leo ni kazi ya kutengeneza, na boti ndogo ni sehemu ya kazi hiyo.

Ecuador ilitangaza hifadhi ya taifa mwaka 1959, kituo cha utafiti chenye jina la Darwin kikafunguliwa Santa Cruz mwaka 1964, na askari wa kwanza wa hifadhi, wawili, wakaanza kazi 1968. Watalii hawakuwangojea. Mwaka 1967 Lars-Eric Lindblad alileta kundi la kwanza la safari za kupangwa kutoka nje, na mara wavuvi wa mji wa Puerto Ayora wakaanza kugeuza boti zao: pale palipowekwa samaki pakatiwa vitanda. Nawaelewa kabisa, kwetu ilikuwa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wao walibanwa mapema. Tangu 1975 wageni hutembezwa na waongozaji waliofundishwa na kupewa leseni, na siku hizi ni mmoja kwa wageni wasiozidi 16, ndiyo maana boti nyingi zikajengwa kwa idadi hiyo. Njia za kupita zimewekewa vigingi, unakaa mita mbili kutoka kwa mnyama, jua likizama unarudi chomboni. Na nahodha hajichagulii pa kwenda, hifadhi humpa ratiba, na tangu 2012 boti haiwezi kurudi mahali palepale kabla siku 14 hazijapita.

Faida yake niliiona kwa macho. Kwenye kijia cha Española ndege wa miguu ya buluu alikuwa amelalia mayai katikati ya njia, na kundi letu zima lilizunguka kwenye mawe ili tusimpite juu. Hakuinuka. Muongozaji wetu, dada wa Isabela, alisubiri mpaka mzee wa mwisho avuke, wala hakuinua sauti. Tulipokuwa kwenye ghuba ya Tagus Cove alituonyesha ukuta wa mwamba wenye majina ya meli yaliyoandikwa tangu 1836, na chini yake pengwini wakaogelea kuizunguka boti yetu ya mpira.

Ninachokihofia ni kwamba utaratibu huu ulitungwa kwa watu wanaolala majini. Mwaka 2023 wageni walizidi 300,000, na wengi wao sasa wanalala hotelini nchi kavu, ambako maji ya bomba, takataka na ujenzi havina nahodha wa kuvipangia ratiba.

Meli za nyangumi ziliacha jambo moja ambalo mabaharia wake hawakulijua. Mara nyingine, ngama zikihitaji nafasi, walitupa kobe majini karibu na kaskazini ya Isabela. Baadhi walielea hadi pwani, wakapanda mlima wa volkano wa Wolf, wakazaana na kobe wa huko. Wanasayansi walipopima damu yao walikuta ukoo wa Floreana, uliohesabiwa umekufa kwa zaidi ya miaka 150. Mwaka 2015 baadhi yao walibebwa kwa nyavu chini ya helikopta na kushushwa juu ya meli, wakapelekwa Santa Cruz, na tangu 2017 wanazalishwa huko ili watoto wao warudishwe Floreana. Kwanza ilibidi kuondoa panya na paka walioletwa na vyombo vilevile vya zamani. Sumu ilimwagwa mwaka 2023, na wakazi wa kisiwa, ambao hawafiki mia mbili, walifungia kuku na nguruwe wao mabandani mpaka kazi iishe.