Kutoka Munyonyo hadi Namugongo

Mwaka juzi mdogo wangu alimzika mwanawe wa kwanza. Siku ya mazishi mhubiri mmoja alimwambia kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, asilie kupita kiasi. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani, na mimi kaka yake sikuwa na la kumjibu. Ndiyo sababu nilipanda basi la Kampala nikaenda kutembea kwa miguu kutoka Munyonyo, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, nikifuata njia waliyopitishwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwezi wa Mei 1886, wakipelekwa Namugongo kuuawa kwa ajili ya imani yao.

Mwanga alikuwa na miaka 18 hivi. Alirithi kiti mwaka 1884, na Wazungu walikuwa wanamkaribia. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa kuwa alikuja kwa njia ya mashariki, upande ambao Waganda waliamini ndiko atakakotokea mvamizi. Kisha watumishi wa Mwanga mwenyewe, vijana waliokuwa wakisoma dini, wakaanza kumkatalia, hata alipoitaka miili yao, naye akaamuru wauawe. Augustino alifundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe. Ni wema uliopunguka. Darasani fundisho hilo halikuniingia. Munyonyo liliniingia, maana nilipomtafuta shetani katika habari ile nilimkuta kijana mwenye hofu, asiye na mtu wa kumzuia mkono. Mwanga huyo huyo alikuja kubatizwa, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Wala wa kwanza kuuawa Namugongo kwa ajili ya imani hawakuwa Wakristo. Miaka kumi hivi kabla, Mutesa, babake Mwanga, aliwaua Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu. Mkristo anayehiji huko anapaswa kulijua hilo.

Njia yenyewe leo ni lami, maduka na boda boda. Nilipofika Old Kampala nilikaa chini, si kwa uchovu tu. Hapo ndipo Matia Mulumba, mtu mzima mwenye cheo, alipokatwa mikono na miguu, akachunwa vipande vya nyama mgongoni, akaachwa. Inasimuliwa kwamba siku mbili baadaye watu waliokwenda kukata matete walisikia sauti ikiomba maji. Walipoona inakotoka, wakakimbia. Hapo hekaheka za mji zilikuwa zikiendelea, na mimi nilikuwa na chupa ya maji mkononi. Nilishindwa kunywa.

Mtu akinieleza kwamba kiu ile ilikuwa na faida fulani, nitamkatalia. Biblia nayo inamkatalia. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa rafiki wema. Walikosea walipofumbua midomo kumweleza sababu.

Namugongo wafungwa walikaa wiki nzima wakingoja kuni zikusanywe. Alhamisi, tarehe 3 Juni, ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga, mkuu wa vijana hao, alichomwa kwanza, peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Madhabahu ya basilika ya leo yapo mahali hapo. Wenzake walifungwa ndani ya matete, kila mtu furushi lake, wakalazwa juu ya kuni. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mzee huyo alimsihi akane, akakataa. Alipigwa rungu la shingo kwanza ili moto umkute amekufa. Huruma ya Mukajanga iliishia hapo.

Lakini watatu walitengwa wasiuawe: Sebuta, Werabe na Denis Kamyuka. Sababu gani wao, na si Kizito, mdogo kuliko wote? Sikuipata yenye kuridhisha. Kamyuka alisimama akaona yote, na mengi tunayoyajua ya asubuhi ile yametoka kinywani mwake.

Wamisionari wa kwanza Buganda walifundisha kwa Kiswahili kabla ya kukimudu Kiganda, na lugha yetu ina neno moja kwa watu hawa wote. Aliyeungua ni shahidi. Aliyeona na kusimulia ni shahidi. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni kila tunapowaomba Mashahidi wa Uganda watuombee, na sikuwahi kumhesabu Kamyuka. Imani yangu inasema kwamba Mungu mwenyewe alining'inia msalabani akisema ana kiu, huku wachache, mamake akiwamo, wakisimama karibu. Hawakuweza kumshusha, nao hawakuondoka.

Chini ya basilika mahujaji walikuwa wakichota maji kwa vidumu, wengine kutoka Kenya, Rwanda na kwetu Tanzania. Nilijaza chupa yangu, kisha nikampigia mdogo wangu. Sikumweleza jambo lolote. Nilimwomba anisimulie siku ile ya hospitali, tangu asubuhi, maana mimi sikuwapo. Alinyamaza kitambo, halafu akaanza na rangi ya shuka.