Wanareli Watatu na Mwisho wa Uanachama wa Lazima Uingereza

Uanachama wa lazima katika vyama vya wafanyakazi ulikuwa jambo la kawaida Uingereza kwa miaka mingi. Kwingine asiye mwanachama hakuajiriwa kabisa. Kwingine aliajiriwa kwa sharti la kujiunga baadaye. Hoja ya vyama haikuwa nyepesi: nyongeza ya mishahara iliyopiganiwa na wanachama ilimfikia kila mtu, hata waliokula jasho la wenzao bila kulipa ada.

Mwaka 1975 shirika la British Rail lilifikia makubaliano ya aina hiyo na vyama vitatu vya reli. Sheria ilimruhusu mwajiri kumfukuza aliyekataa kujiunga, na baada ya marekebisho ya 1976 aliyesamehewa ni mwenye pingamizi la kidini tu. Wanareli watatu, Young, James na Webster, hawakuwa na pingamizi hilo, wakafukuzwa. Webster alikuwa ameitumikia reli tangu 1958, miaka 17 kabla ya sharti lenyewe.

Walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inalinda haki ya kujiunga na chama; kuhusu haki ya kutojiunga iko kimya, na waliouandika mkataba waliiacha kwa makusudi. Ajabu ya kesi hii ni mshtakiwa mwenyewe. Sheria ilitungwa na serikali ya Labour, lakini mahakamani ilisimama serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikuipenda. Ilitamka wazi kwamba ikionekana haki imeingiliwa, haitajaribu kuhalalisha kitendo hicho.

Tarehe 13 Agosti 1981 majaji 18 dhidi ya 3 waliamua kuwa Ibara ya 11 imevunjwa. Hukumu ilikuwa finyu kuliko ilivyosimuliwa baadaye: haikuharamisha kila uanachama wa lazima, bali ilisema kumtishia mtu aliye kazini tayari kwamba atapoteza riziki yake ni kugusa kiini cha uhuru wenyewe. Majaji watatu waliopinga walisimama juu ya ule ukimya wa mkataba.

Bunge la Uingereza lilimaliza kilichobaki. Sheria ya 1988 ilizuia kumfukuza mtu kwa kutokuwa mwanachama. Desemba 1989 Tony Blair, msemaji wa Labour kuhusu ajira, alitangaza kuwa chama chake kimeacha kuutetea uanachama wa lazima. Na sheria ya 1990 ikapiga marufuku kumnyima mtu ajira kwa sababu si mwanachama. Januari 2006 mahakama ya Strasbourg ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Denmark, ikawapa ushindi hata wafanyakazi walioajiriwa huku wakilijua sharti.