Poddle, mto unaopita chini ya Dublin

Watalii wanaopiga picha kwenye bustani ya Ngome ya Dublin husimama, wengi wao bila habari, juu ya lililokuwa bwawa. Hapo ndipo mto Poddle ulipotuama kabla ya kuingia mto Liffey, na maji yake yakaupa mji jina: Dubh Linn, bwawa jeusi. Waviking walipiga kambi eneo hilo mwaka 841. Mfalme John wa Uingereza alipoamuru ngome ijengwe mwaka 1204, Poddle ulitumika kujaza handaki la ulinzi.

Kwa ukubwa ni kijito tu. Unaanzia upande wa Tallaght, kusini-magharibi mwa mji, unapita Tymon, Kimmage, Harold's Cross na Liberties, kisha unamwaga maji Liffey: kilomita 11 hivi.

Udogo huo uliwatesa wakazi. Mwaka 1244 Maurice FitzGerald, aliyeitawala Ireland kwa niaba ya mfalme, aliagiza watu 12 wachunguze maji ya mji yatolewe wapi. Wakaazima kwa jirani: mfereji ulichimbwa kutoka mto Dodder hadi Poddle. Huko Mount Argus kuna kabari ya mawe, maarufu kama Mashua ya Jiwe, iliyoupasua mkondo. Theluthi moja ilikwenda mjini. Iliyobaki iliendelea na mto kuzungusha vinu. Mgao wa maji wa enzi hizo haukuhitaji mita.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick nalo lilijengwa kisiwani, katikati ya matawi mawili ya Poddle, na mafuriko yakawa mgeni wake wa mara kwa mara. Jonathan Swift, mtunzi wa Safari za Gulliver, aliliongoza kuanzia 1713 hadi 1745.

Watengeneza ngozi na watia rangi vitambaa wa Liberties waliutumia mto hadi ukanuka. Sehemu baada ya sehemu, ukafunikwa. Leo karibu sehemu yake yote ya katikati ya mji hupita kwenye makalavati, na mdomo wake ni tundu lenye nondo kwenye ukuta wa Wellington Quay.

Kufunikwa hakukuutuliza. Oktoba 2011 mvua kubwa iliufurisha, na mtu mmoja akafariki Harold's Cross katika makazi ya chini ya usawa wa barabara. Baada ya hapo serikali za mitaa ziliandaa mpango wa kuyazuia maji Tymon, kabla hayajafika kwenye nyumba.