Macho Wazi, Akili Mbali

Filamu ya miaka ya 1960 inamwonyesha mtafiti John Senders akiendesha gari kwenye barabara kuu huko Massachusetts, Marekani, kichwani amevaa kofia ngumu yenye kifuniko. Kifuniko kinashuka, kinamziba macho, na gari linaendelea kwenda. Kinapanda, anaiona barabara kwa kitambo kidogo, kisha kinashuka tena. Senders alikuwa akipima ni mara ngapi dereva hana budi kuitazama njia. Mwendo ukiongezeka au kona zikizidi, aligundua, dereva hawezi kukaa muda mrefu bila kuona.

Ulikuwa ujasiri mkubwa, lakini huwezi kumwomba kila mtu ahatarishe roho yake kwa ajili ya sayansi. Mwaka 1969 Ivan Brown na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliwapeleka madereva kwenye uwanja wa majaribio, wakawauliza maswali kwa simu huku madereva hao wakikadiria kama gari lingepenya kwenye nafasi zilizowekwa mbele yao. Usukani haukuyumba sana. Kilichoharibika ni kukadiria: walijaribu kupita pasipopitika.

Ndipo mashine za kuiga udereva, simuleta, zilipopata kazi yake. Kampuni ya magari ya Daimler-Benz ilizindua yake Berlin mwaka 1985. Baadaye kwenye Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, likajengwa kuba lenye upana wa zaidi ya mita 7, ndani yake gari zima limezungukwa na picha za barabara, na kuba lenyewe likisogea ili dereva asikie breki na kona mwilini. Humo mtoto anaweza kukatiza barabara mara mia na asiumie.

Ila majaribio yanayonitia hofu zaidi yalifanyika Utah, Marekani. David Strayer na wenzake waliwapa madereva simu za kuongea bila kuzishika, wakafuatilia macho yao ndani ya simuleta. Baadaye wakawaonyesha mabango yaliyokuwa kando ya barabara. Hata mabango ambayo macho yao yalikuwa yameyatazama, wengi hawakuyakumbuka. Senders alijiziba macho kwa kifuniko. Mazungumzo yaliwaziba madereva hawa macho yakiwa wazi.

Mwaka 2006 timu hiyo ilichapisha jaribio la watu 40. Kila mmoja aliendesha nyuma ya gari lililokuwa likifunga breki mara kwa mara: mara akiwa mzima, mara akiongea na simu, mara akiwa amelewa kufikia kiwango cha pombe cha asilimia 0.08 katika damu. Watu 3 waliligonga gari la mbele. Wote walikuwa kwenye simu. Hakuna aliyeligonga akiwa amelewa.

Je, abiria anayepiga soga? Mwaka 2008 walijaribu hilo pia, na hali ikawa tofauti. Abiria huiona barabara. Msongamano ukizidi hunyamaza, au husema, "Angalia, tunachepukia hapa." Aliye upande wa pili wa simu anaendelea tu na hadithi yake.

Siku hizi maabara nyingi hutumia miwani ya uhalisia pepe, iliyotokana na kifaa alichokiunda Ivan Sutherland mwaka 1968. Baadhi ya watu huwatia kichefuchefu, kwa kuwa macho husema gari linakwenda na sikio la ndani linakataa. Mingine ina kamera ndogo zinazofuata mboni za macho. Watafiti huzisoma kamera hizo, na bado wanahesabu sekunde kuanzia taa za breki za gari la mbele zinapowaka hadi mguu wa dereva unapoondoka kwenye mafuta.