Cheni ya taimingi: ilianzia Manchester, ikapinduliwa na mpira, leo imo kwenye IST yako

Leo tuwaache mastaa na rimu zao wanazoposti kila wiki, tufungue boneti. Ndani ya injini ya IST, Vitz na Probox kuna mnyororo wa chuma ambao hakuna anayeuongelea mpaka siku injini ife.

Historia yake ni ndefu. Mwaka 1880 pale Manchester, Uingereza, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, Hans Renold, alibuni cheni yenye bushi na rola zinazozunguka, hivyo hailiki haraka. Cheni ya bodaboda unayoiona leo ni ya ukoo huo huo. Watengenezaji wa magari nao wakaiingiza kwenye injini. Kazi yake: krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Ikikosea, kwenye injini nyingi pistoni inagonga valvu, na hapo unatafuta injini nyingine.

Mwaka 1962 Wajerumani wa kampuni ya Glas wakaja na gari lao la 1004 lenye mkanda wa mpira wenye meno. Kimya, bei chee, hauhitaji oili. Dunia ikahamia huko, hata Corolla nyingi za miaka ya 90 zilikuja na mkanda. Ila mpira unazeeka. Kwenye Toyota nyingi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ndio cheni ikarudi kwa kishindo, na IST ilipotoka 2002 ilikuwa nayo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaingia chaka. Walisikia "cheni haibadilishwi", wakaona na oili nayo isubiri. Wakati cheni inaishi kwa oili! Hata kile kikazio chake kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa tope, cheni inalika, inalegea, asubuhi ukiwasha unasikia mkwaruzo mbele ya injini. Ikiruka jino, stori imeisha.

Siku hizi vijana wanaibadilisha wenyewe nyumbani kwa kuangalia video. Freshi tu, ila usikimbilie ufunguo. Viungo vya rangi kwenye cheni vikae sawa na alama za krenki na kamshafti, kikazio na reli zake vibadilishwe pamoja. Halafu zungusha krenki kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili. Kwa nini miwili? Ndipo kamshafti inamaliza mmoja, na kila valvu inakuwa imefunguka na kufunga. Ikikwama popote, usilazimishe. Fungua uanze upya. Kuanza upya kunakula jioni moja, kulazimisha kunakula injini nzima.

Haya, gari lako la cheni au la mkanda? Na oili umebadilisha lini? Dondosha koment, usiongope.