Anwani ya MAC: kwa nini vifaa viwili havipaswi kuwa na anwani moja

Tuseme fundi amefunga bodi mbili ndogo za kielektroniki za kupima maji kwenye matangi ya kijiji. Moja ikiwashwa peke yake, inatuma taarifa vizuri. Zikiwashwa zote mbili, taarifa zinakatika-katika. Waya ni nzima na umeme upo. Huenda tatizo ni anwani ya MAC.

Anwani ya MAC ni nini?

Ni namba ya utambulisho ya kila tundu la waya wa mtandao wa Etheneti. Ina alama 12, zinazoandikwa mbili mbili kwa kutumia 0 hadi 9 na A hadi F. Swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, huisoma ili kujua taarifa ipite tundu lipi. Bodi mbili zikiwa na anwani moja, swichi hupeleka taarifa kule ilikoisikia anwani hiyo mara ya mwisho. Bodi ya pili inakosa.

Nani huitoa?

Alama 6 za kwanza kwa kawaida hutolewa na IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi, kwa kampuni inayotengeneza kifaa. Alama 6 za mwisho kampuni hujipangia yenyewe. Fungu moja linatosha vifaa 16,777,216. Bodi za mwanzo za Raspberry Pi, kwa mfano, huanza na B8:27:EB.

Je, zipo zisizo na anwani?

Ndiyo. Kipande cha bei nafuu cha ENC28J60 hakiji na anwani. Programu ndiyo hukipa. Hapo ndipo makosa huanza. Mifano ya programu za Arduino ina anwani DE:AD:BE:EF:FE:ED. Fundi akiinakili bila kuibadilisha, bodi zake zote zinakuwa na jina moja.

Bodi nyingine hujitungia anwani mpya kila zinapowashwa. Hapo ruta huiona kila mara kama mgeni.

Ufanye nini?

Kwanza, tafuta kibandiko kwenye bodi. Kikiwa na anwani, tumia hiyo. Kisipokuwepo, jipangie mwenyewe, lakini alama ya pili iwe 2, 6, A au E, kwa kuwa hizo zimetengwa kwa anwani za kujipangia. Isiwe 1, 3, 5 wala nyingine ya witiri, kwa sababu hizo ni za kutumia vifaa vingi kwa pamoja. Bodi ya kwanza ipe 02:00:00:00:00:01, ya pili 02:00:00:00:00:02. Ziandike kwenye daftari na ubandike kwenye kila bodi.

Na simu yako?

Nayo inayo, kwa ajili ya Wi-Fi. Simu nyingi za kuanzia Android 10 hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, ili usifuatiliwe kirahisi. Itazame kwenye mipangilio ya Wi-Fi: alama ya pili ikiwa 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni.