Chai ilivyofika Musoma ikakuta maziwa

Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, si nchi ya mashamba ya chai. Kuna pamba, mihogo, mtama, dagaa wa ziwani na ng'ombe. Lakini mgeni akibisha hodi asubuhi ataulizwa kwanza kama ameshakunywa chai, na maana yake ni kama ameshakula chochote, hata kama mezani pana uji na viazi vitamu. Kinywaji cha kuja kimeupora uji jina la mlo wake. Tena hakikuishia mezani: ofisini "chai" ni rushwa, na kijana wa leo akikuambia "hiyo chai", anasema umemdanganya.

Mababu zetu walianza siku na uji wa mtama au wa ulezi, togwa, na maziwa ya mgando yaliyotoka kwenye kibuyu. Majani yakichemshwa, basi nyumbani kuna mgonjwa.

Mchai uliletwa na wakoloni. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na miaka michache baadaye miche ya chai ilikuwa imeshapandwa hapo. Kilimo cha biashara kilisubiri Waingereza, mwaka 1926, kikaenea Usambara, Mufindi na Rungwe. Huko kote ni mbali na Mara. Jirani wa kweli alikuwa Kenya, ambako chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 makampuni makubwa yakafyeka vilima vya Kericho. Mtu wa Musoma yuko karibu na Kericho kuliko Mufindi, na ukaribu huo ulikuwa na njia yake. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha meli za shirika la reli hiyo zikaanza kuzunguka Ziwa Victoria. Musoma ikawa bandari, na maduka ya Wahindi yakajaa karibu na gati: chumvi, sukari, mafuta ya taa, vitambaa, majani ya chai.

Hapo ndipo mapishi mawili yalipokutana. Mwingereza huweka majani kwenye birika la udongo, humwagia maji ya moto, husubiri, kisha hudondoshea maziwa kikombeni. Mhindi huweka sufuria motoni, akachemsha majani, maziwa, sukari, iliki na tangawizi kwa pamoja. Mara ilichagua sufuria, na sidhani ilikuwa bahati tu. Umwambie Mkurya au Mzanaki mwenye zizi kwamba maziwa ni ya kudondoshea!

Kuna sababu nyingine ambayo mama wa Musoma anaijua bila kuisomea. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi, si 100. Ukiyaepua na kuyamimina juu ya majani, yanazidi kupoa na chai inatoka dhaifu. Majani yakibaki motoni, tatizo hilo halipo. Halafu miaka ya 1930, huko Assam, William McKercher alibuni mashine ya kuponda, kuchana na kuviringa majani hadi yakawa punje ndogo nyeusi. Punje hizo hutoa rangi haraka na haziogopi maziwa mengi. Ndizo zilizomo katika pakiti nyingi za dukani leo.

Mwandishi George Orwell, mzaliwa wa India, alichapisha gazetini mwaka 1946 kanuni 11 za kikombe kizuri cha chai, akaipiga marufuku sukari kwa hoja kwamba inaua ladha. Bunda asingepata mteja.

Sukari, pamoja na chai yenyewe, ina historia yake, na si tamu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ya Nyerere, mwana wa Butiama, iliunda Mamlaka ya Chai mwaka 1968 ili mkulima mdogo naye alime zao hilo. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya pale Sirari ukafungwa hadi 1983, na katikati ikaja vita ya Kagera. Bidhaa za Kenya zikawa za magendo. Sukari ikawa ya foleni na ya mgao, na wengi wakahamia sukari guru, ambayo huifanya chai iwe na weusi wa tope na ladha ya miwa iliyoungua. Waliokuwa na ng'ombe walau walibaki na maziwa. Waliokosa walikunywa ya rangi, mara nyingi chai kavu, bila kitafunwa chochote.

Kwa hiyo chai nzuri ya Mara inapimwa kwa maziwa. Anza na maji, utie majani na tangawizi iliyopondwa, uache vichemke hadi rangi ikolee. Maziwa yafuate mwishoni, kwa kiasi sawa na maji au zaidi. Usibadili mpangilio huo: tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Wengi wakiona sufuria imejaa mabonge humlaumu muuza maziwa, kumbe kosa ni la mpishi. Yakianza kufoka, punguza moto, yarudi chini, uyapandishe tena mara mbili au tatu. Ndipo uchuje. Chupa ya chai isiyooshwa vizuri jana yake itaharibu kazi yote hiyo.

Basi ukisafiri kutoka Mwanza na gari likasimama Bunda alfajiri, muulize mama lishe kabla hujaketi: maziwa yamechemshwa pamoja na majani, au yanaongezwa kikombeni? Akisema yanaongezwa, agiza ya rangi.